Pantoni ya Kurasa

Wiki ya nne, Nyegezi, kipindi cha saa nane mchana,
niliandika ubaoni: Usimamizi wa Kumbukumbu.
Wakaandika. Nikasema fremu, wakaandika fremu.
Nikasema ukurasa ukikosekana
mfumo endeshi huufuata diskini. Wakaandika,
na Lushinge akasinzia, kalamu mdomoni.

Usiku ule nilivifuta vijisanduku vyangu vya kijivu.
Nikachora maji.
Huku Kigongo, uwanja wa nafasi kumi na mbili:
ndiyo kumbukumbu.
Kule Busisi, foleni iendayo hadi vichakani:
ndiyo diski, pana, haina haraka.
Katikati nikaielesha pantoni
na mwendo wake nikauzorotesha makusudi, iudhi.

Asubuhi nikawaachia kipanya. Burura.
Nkwimba akaburura Fuso la dagaa, likaingia.
Lushinge akapanga pikipiki, akatoa moja, akatoa ya pili,
kisha akaleta basi la Geita. Likagoma.
"Mwalimu, si nafasi zipo?"
Zipo. Zihesabu: sita. Basi linataka nne.
Ila mbili ziko hapa, moja pale,
tatu zimejificha nyuma ya lori la saruji.
Nafasi ipo, imekatikakatika,
kama mshahara unaolipwa kwa jerojero.

Hasara hiyo mama aliijua kabla sijaisomea.
Miaka kumi na tisa gatini, kizibao cha chungwa, filimbi:
Rudi. Rudi. Kata kushoto.
We mwenye Noah, umekaa kama uko sebuleni kwako!
Siku hizi magari yanapita juu, darajani,
na filimbi inalala kwenye droo, pamoja na vijiko.

Nikamtumia video. Akajibu kwa sauti, kuku wakilia nyuma yake:
"Mbona unamtoa wa kwanza kuingia?
Huyo ni gari la maziwa, anaitwa kila saa!
Mtoe aliyezima injini.
Mtoe dereva aliyeshusha kiti akalala."

Nikabadili mistari kumi na mmoja ya msimbo.
Safari za pantoni zikapungua karibu nusu.
Sikuwaambia darasani nani alinisahihisha;
niliwaambia wiki iliyofuata.

Kisha Nkwimba akashika kitelezi, hakuna aliyemtuma.
Programu tano. Kumi. Ishirini na tano.
Arobaini.
Kila gari lililovushwa kwenda Busisi
likaitwa Kigongo kabla halijakanyaga nchi kavu.
Pantoni ikaenda, ikarudi, ikaenda,
na prosesa, niliyemchora kama karani dirishani,
akakaa tu, mikono mfukoni.
Darasa zima kimya.

"Mwalimu," akasema Nkwimba,
"pantoni haipumziki,
na hakuna aliyefika."

Nilikuwa nimeandaa slaidi saba za jambo hilo.
Sikuzifungua.

Lushinge, macho makavu sasa, akataka kujua
kwa nini tusichore daraja, yaishe.
Nikamwambia utachora, na foleni nayo itasikia habari.
Umeme ukakatika nikiwa katikati ya sentensi.
Ulipowaka, uwanja wa Kigongo ulikuwa mweupe, haukumbuki gari.
Busisi haikupoteza hata pikipiki.

Jioni mama aliitazama video tena, mpaka mwisho.
Akauliza jambo moja tu:
"Na filimbi umeiweka wapi?"

Sikuwa nimeiweka.