Fomu ya Likizo

Fomu imelala mezani tangu Jumatatu,
kikombe kimeiachia duara la chai.
Jina nimejaza. Cheki namba nimejaza.
Siku ishirini na nane, nauli ya watu wanne,
na pale palipoandikwa *Mahali utakapokuwa*
kalamu imeganda.

Swalehe anasema, twende Kolo.
Miaka tisa tuko Nkuhungu,
watu wanapanda ndege kuja kuitazama ile michoro,
sisi tulio saa chache tu kutoka pale
tumeiona kwenye kalenda ya benki.
Sasa wageni hawaji, vyumba ni vya bei ya chumvi,
juu ya majabali ni upepo tu
na nyani wawili watatu.
Ugonjwa gani utapanda mlima kutufuata?

Mwasiti amekwisha kupanga begi:
penseli, kandambili, barakoa tatu
nilizoshona kwa mabaki ya kitenge cha harusi ya shangazi yake.
Twaha amepakia gari lake la kopo.

Lakini kwenda Kolo ni kupita Kondoa,
na kupita Kondoa ni kupita kwa mama.
Pale stendi anakaa Salimu fundi baiskeli,
anayejua hata soksi za abiria.
Kabla basi halijazima injini
habari itakuwa imeshafika jikoni:
mwanao kapita, kaziba mdomo, hakushuka.

Na nikishuka?
Mama hana salamu ya mbali.
Mkono wako anaushika kwa mikono miwili
na haurudishi mpaka amalize kuulizia majirani zako wote.
Wajukuu anawanusa utosini.
Na kifua chake, kile kifua,
kinachopiga mluzi kila Juni vumbi likianza.
Nimwambie, mama, simama hapo hapo, hatua mbili?
Kwa Kirangi sijui hata yanasemwaje.

Kazini tunaambiana ni mafua.
Ndoo ya mlangoni imekauka,
kipande cha sabuni kimepasuka kama udongo wa Bahi.
Bwana Chedego wa masjala alisema
anakwenda kupumzika kidogo.
Koti lake bado liko kwenye msumari.
Tunapita tukilikwepa kwa bega,
hakuna anayelitungua.

Usiku nikampigia.
Mama, tulikuwa tunafikiria kuja.
Kimya. Nikasikia kuku wakigombea dari,
nikasikia ule mluzi.
*Njooni*, akasema, *nyumba ni yenu.*
Kisha, taratibu, kama mtu anayehesabu sarafu gizani:
*Ila hata mwezi wa nane si mbali.*

Sijawahi kumsikia mama akimkatalia mtu,
na hata hapo hakunikatalia.
Alifungua mlango, akausimamia.
Na mimi, Mungu anisamehe,
nilishusha pumzi.

Mwasiti alilia hadi adhuhuri.
Halafu akachota udongo mwekundu nyuma ya choo,
akauponda kwa mafuta ya alizeti,
mafuta ya kupikia, yale ya mwisho,
akaanza kuchora ukutani:
twiga, watu wembamba wenye vichwa vikubwa,
gari la kopo,
na bibi mmoja mkubwa kuliko twiga,
mikono yake ikienda, ikienda,
mpaka ukuta ukaisha.
Nikamwangalia Swalehe. Nyumba si yetu,
na mwenye nyumba ana macho.
Akaingia ndani, akatoka na kigoda
ili mtoto afike juu.

Jumatatu mhasibu akaishika fomu kwa ncha ya vidole.
Mahali: Nkuhungu.
Akauliza, na hii nauli ya watu wanne
ni ya kwenda wapi?
Nikamwambia aikate.