Kabla Hujapanda Mongomi

Lipa kwanza. Noti kubwa sina chenji yake,
itabidi nimtume mtoto dukani,
na mtoto akitumwa dukani hapa Kolo
hukuta wenzie wanacheza kombolela.
Andika jina, na ulikotoka,
na simu ya mtu atakayekuulizia.
Usicheke. Mwandiko usomeke.

Umekuja na kandambili. Zitakuacha njiani.
Binti yangu Zamda anazo raba za akiba,
namba arobaini na moja, zimechanika ubavuni,
zimeupanda huu mlima kuliko wewe na mimi.
Na hayo manukato, kajifute.
Nyuki wa kule juu hawajui bei yake,
kila kinukiacho kwao ni ua,
na ua likitimua mbio wanalifuata.

Maji lita mbili. Soda iache garini.
Gari litakufikisha mtoni; ukikuta mchanga umelowa
usimwamini dereva anayesifu matairi.
Mto wetu hauna maji, una tamaa.

Mwinuko wa mwisho panda kwa fimbo.
Usiulize kumebaki kiasi gani:
Zamda atakujibu "hapo tu",
na "hapo tu" ya Kirangi ina kona nne.
Pimbi watakuchungulia kwenye nyufa. Wasalimie, pita.

Ukikuta majivu, manyoya ya kuku, kibuyu kimelazwa,
usiokote, usisogeze, usidhani ni taka.
Mwaka ule mvua ilipochelewa
watu walipanda hapo usiku na shida zao.
Wewe una tiketi. Wao wana mlima.

Ukifika pangoni, nyamaza kidogo.
Siyo kwa adabu tu: macho yametoka juani.
Kwanza utaona jiwe.
Halafu jiwe lenye kutu.
Halafu kutu ina shingo,
ina miguu myembamba kama mabua ya uwele,
inamshika mwenzake mkono.
Wapo wanaosema hapo watu wanacheza ngoma,
wapo wanaosema wanamgombania mwanamke.
Mimi nimeyasema yote mawili,
nikimtazama mgeni usoni kwanza.

Maji ni ya kunywa.
Nakwambia mara ya pili: ya kunywa.
Usiyarushe ukutani ili rangi ikolee,
hata ukiona imefifia, hata ukiwa umetoka mbali.

Alikuja mtu na kamera kama mtungi.
Akasema, hapa sioni kitu, nimepoteza siku.
Zamda alikuwa bado hajazaliwa, nilikuwa na magoti,
na mama yake alikuwa na miezi saba.
Chupa niliifungua mimi.

Lo! Pofu aliwaka mzima mzima,
pofu mnyama, siyo asiyeona,
mpaka kwato, mpaka ule mkunjo wa ngozi shingoni,
kana kwamba aliyemchora ameondoka asubuhi ile
kwenda kunawa mikono.
Kamera ikalia. Nikapewa noti.
Tukashuka tunacheka.

Kushoto kwa twiga, usawa wa kifua chako,
kuna doa jeupe, kama kiganja hivi.
Ukimuuliza Zamda atasema ni chumvi ya jiwe.
Ndivyo nilivyomfundisha.

Shukeni kabla ya saa nane, mawe hayajawa vikaango.
Kushuka usikimbie; mlima haukusukumi,
ni uzito wako mwenyewe.
Fimbo ni ya ofisi, irudishe.
Raba zikung'ute mchanga hapo nje.
Kisha pita hapa mezani, tafuta jina lako,
uandike saa uliyorudi.

Utanikuta. Goti la kulia liligoma mwaka juzi,
sijapanda tena.
Utaniambia, taratibu, Zamda akiwa anafungua maji bombani,
kama lile doa limekua.