Doa Jeupe

Holo, leo nimelala chali pale ulipolala wewe,
chumba cha tatu, pazia lile lile la kijani,
miguu juu, macho darini.

Sista Kabula akauliza, "Mama, unauza nini?"
Dagaa, nikasema. Mwaloni.
"Basi harufu ya siki haitakutisha."
Siki, dada! Hii hii ya kachumbari.
Wanachovya pamba, wanapaka mlango wa kizazi,
wanangoja dakika moja.
Penye uzima pakabaki na wekundu wake.
Mahali pamoja pakawa peupe.

Kadoa tu. Punje ya mchele
iliyomponyoka mpepetaji.

Nikakutaja. Nikasema dada yangu alikuja
baada ya kuficha kanga zake mwaka mzima,
akizifua usiku ziwani, nyuma ya mawe.
Daktari hakusema usiogope.
Akavuta kiti, akasema: hii bado si saratani,
hii ni njia iendayo huko,
na njia yenyewe tunaichoma leo.

Leza ina nukta nyekundu ya kuonyesha pa kupiga.
Akaijaribu kwanza kwenye kijiti cha mbao:
tundu jeusi, uzi wa moshi.
Kisha umeme ukakatika.
Mwanza nzima giza, na mimi miguu juu!
Tukangoja jenereta. Sista akanishika kisigino,
akauliza dagaa wa Ukerewe wamefika bei gani;
tukapatana debe mbili, bila nyongeza.

Taa ikarudi. Sindano ya ganzi. Joto.
Tumbo likanyonga kidogo, kama siku zangu zile,
na mrija ukifyonza moshi.
Nimebanika samaki miaka ishirini,
moshi naujua.
Huu ulikuwa wangu.

Dakika kumi. Nikavaa viatu.

"Wiki sita mume asikukaribie, wala usibebe gunia."
Malimi alihesabu kwa vidole, akafika sita,
akahesabu tena.
Alfajiri nikamkuta na gunia langu begani,
ananung'unika, lakini anatembea.

Jumatano nampeleka Minza.
Naye anazifua usiku, nimemwona.
Amekubali kwa sharti moja: nisimwambie mtu.

Nimekuambia wewe tu, Holo.
Wewe hutoi siri.
Ya kwako uliitunza hadi mwisho.