Tatu na Nusu

Saa tatu asubuhi, Sohar. Kiyoyozi kinakohoa,
na nje yadini lami imeshaanza kulainika.
Nina fomu nne, kalamu ya risasi, birika la kahawa,
na Bwana Hilal wa utumishi, anayetaka tumalize kabla ya adhuhuri.
Nafasi: mratibu wa usafirishaji, mmoja tu.
Vigezo vitano. Alama, moja hadi tano.
Nusu haziruhusiwi.

Swali langu halijabadilika mwaka wa nane huu:
"Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Lori la dawa za sukari
limezuiwa mpakani, Khatmat Malaha.
Hati ina herufi moja iliyokosewa. Forodha wanafunga.
Mtambo wa baridi una mafuta ya saa sita.
Unaanza na nini?"

Mazin wa Nizwa alianza na mchoro.
Kasimama, kaomba kalamu ya ubao,
kachora duara, duara likazaa mishale, mishale ikazaa maduara,
na kanzu yake imepigwa pasi hadi inakata hewa.
Lori langu likapotelea humo
wala hakulitafuta.
Hilal akaandika tano. Nikaona.
Akaona kwamba nimeona.

Biju, miaka kumi na miwili kwenye maghala ya Jebel Ali,
hakuchora. Alitazama saa yake
kana kwamba Alhamisi yenyewe ndiyo leo,
akataja kwa kichwa namba ya fomu ya masahihisho,
akataja dirisha la pembeni linalochelewa kufungwa,
kisha akauliza: "Dereva ana maji?"

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka.
Miaka minane, na dereva wa swali langu
sijapata hata kumpa jina.

Hilal akaniinamia sikioni: "Nafasi hii ya raia, unajua."
Najua. Basi tulimwitia nini?
"Orodha," akasema, "lazima wawe wanne."

Wa tatu hakuja. Alituma ujumbe: kapata kwingine,
Mungu awabariki.

Wa nne, Shamsa binti Nasib, wa Saham,
alijibu kwa Kiarabu cha kupimapima,
kama mtu anayevuka barabara kuu ya Batina kwa miguu,
mpaka kalamu ikamponyoka, akasema kwa chini:
"Ala! Mkono huu nao."

Mkono huu nao!
Mama yangu huyo, jikoni Al Khuwair, na sufuria sakafuni.
Nikatabasamu kabla sijajizuia.
Yeye akazidi kuogopa.

Nami niliwahi kukaa kiti kile.
Mzee mmoja akaniuliza Kiarabu changu nimekitoa wapi.
"Nyumbani," nikamjibu, "bado hakijaiva."
Hakucheka mtu. Faili nililiona baadaye:
mawasiliano, mbili.

Kuhusu lori, Shamsa alisema: "Ningempigia meneja."
Asipopokea?
"Ningepiga tena."
Si jibu. Nilijua si jibu.
Nikaandika tatu. Nikafuta. Nikaandika nne.
Ile nne ikanikodolea macho kama shangazi arusini,
nikafuta tena, karatasi ikatoboka,
na kwenye tundu nikaiona meza.

Saa sita Hilal akajumlisha.
Biju ishirini na nne, na mstari juu ya jina lake.
Mazin ishirini na moja.
Kazi ni ya Mazin. Huenda akaiweza;
nimeona vijana wa mishale
wakinyooka baada ya kiangazi kimoja cha yadini.
Nikatia saini.

Jioni nikaziingiza alama kwenye kompyuta,
na pale palipotoboka nikaandika tatu na nusu.
Ikakataa. Nikaandika tena. Ikakataa,
kwa herufi nyekundu: rekebisha.

Sijarekebisha. Nimefungua faili la maswali badala yake.
Dereva sasa anaitwa Gulzar.
Ana katoni ya maji nyuma ya kiti, na mkate.
Lori bado limezuiwa.