Kuatamia

Vihenda amerudi na kamusi kutoka Chavakali,
ameshika neno la Kiingereza, herufi tano:
kuku akilalia mayai, wanalitumia hilo;
vifaranga wake wote kwa pamoja, hilohilo;
na mtu akikaa na jambo, halimtoki, halisemi,
hilohilo tena.
"Mama, hawana maneno mengine?"

Sikumjibu. Nilikuwa nikimtazama kuku koo wa kijivu
ndani ya karai bovu, nyuma ya magunia ya majani chai.
Siku ya kumi na tisa leo.
Kifua kimenyonyoka, hapepesi jicho.
Ukimsogelea anafura kama andazi mafutani.
Maji anakunywa mara moja, mbio, anarudi.

Sisi tunasema kuatamia, nalo lanitosha:
tangu baba yake atume ujumbe ule kutoka Naivasha,
mistari miwili,
nimeukalia.
Naugeuza usiku, upande huu, upande ule,
usipoe.

Kesho kutwa maganda yatadonolewa kutoka ndani.
Mayai yasiyolia atayaacha papo hapo karaini,
aondoke na walio hai, asigeuke nyuma.
Neno la hilo, Vihenda,
nitafutie.