Dadu ya Mninga

Jumamosi, duka la matairi likishafungwa,
Nkwabi hutupisha nyuma, penye pampu na harufu ya gundi.
Ramani nimeichora mimi, migongoni mwa stakabadhi za tumbaku:
huku ngome saba, huku mto ulioganda,
huku msitu wa misonobari nisiyowahi kuiona,
ila nimeitundikia mizinga ya nyuki,
maana msitu usio na mzinga siuelewi.

Ufalme unaitwa Ostrenia. Jina nililiokota
kwenye boksi la dawa ya kikohozi.
Una mfalme mwenye jongo, maaskofu wawili wasioamkiana,
na wakulima wanaolipa zaka, kodi ya daraja, kodi ya kinu.
"Kodi ya kinu?" Mlekwa akacheka. Yeye anasaga unga Kanyenye.
"Hiyo si njozi, dada. Hiyo ni halmashauri."

Theluji ndiyo ilitushinda.
Kitabu cha sheria kinasema yafika kiunoni.
Yafika kiunoni vipi? Inanukaje?
Tukamtazama Mlekwa, katoka kazini hajaoga,
unga kwenye kope, unga masikioni,
akikohoa, wingu.
Basi. Ufalme mzima umetoka mashineni.

Wakachagua. Nkwabi akawa shujaa wa farasi,
dirii toka utosi hadi kisigino.
Mlekwa, mtawa anayejua sumu.
Msonde alikuwa kimya, anaitikisa dadu
aliyoichonga mwenyewe kwa mninga, pande ishirini;
ule wa kumi na saba una kovu la patasi
na hutokea kuliko haki yake.
"Mimi mpagazi," akasema.

Nikapekua. Mpiga upinde yupo, mchawi yupo, mwizi yupo.
Mpagazi hayumo.
"Basi mwandike."

Nikaandika kwa kalamu ya Nkwabi, ile ya madeni:
Mpagazi. Frasila mbili begani, mkeka wake, sufuria yake.
Hapigani, ila mzigo ukiguswa.
"Ongeza: posho isipotoka, anaketi. Hata aje mfalme."
Nikaongeza. Nkwabi akaona mzaha.

Usiku wa tatu, kwenye bonde, mbwamwitu wanalia,
farasi kafa, Nkwabi amezama hadi kifuani
na dadu imempa mbili.
"Nivute!"
Msonde akatua mzigo. Akaketi juu yake.
"Tangu ngome ya pili hujanilipa."
Mfuko wa shujaa tukaukagua: dhahabu yote
aliinunulia farasi shela la hariri.
Akavua glovu ya chuma, akalipa.
Haikutosha. Akavua kofia. Akavua kifua.
Alipobaki na fulana akawa mwepesi, akavutika.

"Na hayo machuma nani atabeba?" akauliza Mlekwa.
"Mimi," akasema Msonde. "Ila bei imepanda."

Umeme ukakatika hapo hapo.
Treni ya Mpanda ikapiga honi, tukatafutana kwa tochi za simu.

Njiani naliona lile boma la Wajerumani,
kuta nene, vidirisha vya kupenyeza bunduki.
Utotoni nililiogopa. Leo nimesimama kidogo
nikiyahesabu mawe ya safu moja,
kila jiwe na bega lake,
nikafika arobaini, mlinzi akanimulika.

Jumamosi wanafika lango la mfalme.
Sijaamua kama litafunguka.
Dadu anayo Msonde, mfukoni,
na najua imelalia upande gani.