Sukari ya Februari

Ugnius, usifungue mzinga leo.
Najua mikono inakuwasha.
Ngoja siku isiyo na upepo, saa sita ya mchana,
theluji ikianza kudondoka yenyewe kwenye misonobari.

Kwanza uinue kwa nyuma, mkono mmoja, kidogo tu,
kama mtu anayepima gunia la viazi asilotaka kulinunua.
Oktoba ulikushinda.
Sasa unakuja mwepesi,
sanduku la mtu aliyekwisha hama.

Weka sikio ubavuni. Gonga kwa kidole.
Mvumo mfupi, kisha kimya: wapo.
Mvumo usiokoma: kuna jambo,
na Februari si mwezi wa kulichunguza.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na mizinga miwili,
wa buluu na wa manjano.
Wale wa buluu niliwapikia maji ya sukari,
vuguvugu, kama uji wa mgonjwa.
Nilijisikia mama.
Usiku kipimajoto kikashuka hadi kumi na nane chini ya sifuri,
mvuke ukapanda, ukaganda kwenye kifuniko,
mchana ukayeyuka, ukawanyeshea.
Nyuki anastahimili baridi, Ugnius.
Baridi iliyolowa, hapana.

Wale wa manjano sikuwapa kitu.
Nilichungulia, nikaona asali, nikafunika.
Machi nikakuta mikia.
Mikia tu, safu kwa safu,
kila mmoja kichwa chake ndani ya tundu la sega,
akiramba nta tupu.
Na vidole vinne kutoka hapo,
fremu nzima ya asali, haijaguswa.
Vidole vinne! Baridi iliwakataza kuvuka.

Huku kwetu hatusemi nyuki amekufa.
Ng'ombe hufa, mbwa hufa.
Nyuki hufariki.
Siku ile nililitamka neno hilo peke yangu uani,
koti la posta bado mwilini.

Basi, fanya hivi.
Tandika gazeti juu ya fremu,
pale pale walipojikusanya donge moja, kubwa kama kabichi.
Mimi hutumia gazeti la Zenonas Kairys.
Alifariki kabla ya Krismasi, malipo yake yanaishia Juni,
gazeti linakuja kila Alhamisi
na sina mlango wa kulipeleka.
(Hakuwapenda nyuki. Waliwahi kumuuma sikio kanisani.)
Mwaga sukari kavu, nyeupe, ya dukani, kilo mbili.
Nyunyizia maji kidogo, ishikane tu, isichuruzike.
Funika. Usisimame kuwatazama.
Kila pumzi unayowaacha wazi
wanailipa kwa asali wasiyokuwa nayo.

Wale wa mjini watakuuzia keki ya chavua.
Iweke kabatini kwanza.
Ukiwapa mapema malkia atadhani theluji imekwisha,
atataga,
na watoto wataomba moto ambao hakuna wa kuuwasha.
Mti wa hazeli ulio nyuma ya ghala lako
ukianza kupukutisha vumbi la manjano, hapo sawa.

Baada ya siku tano nenda mlangoni pa mzinga.
Utaona vipande vya karatasi juu ya theluji,
wametoboa gazeti, wanalitupa nje punje kwa punje:
nusu ya jina la waziri, bei ya mbao,
herufi tatu za tangazo la msiba.
Hiyo ndiyo barua yao. Wanakula.

Fuata nyuki ule asali, ndivyo wasemavyo.
Hawakusema chochote kuhusu mwezi huu,
unapowafuata na kibaba cha sukari
kwenye theluji ya magotini
na hakuna anayekuja mlangoni kukushukuru.

Jumatano nitapita na bili yako ya umeme.
Nitauinua mzinga wako kwa nyuma bila kuomba ruhusa.
Usitoke nje. Endelea na chai yako.
Ukiwa mzito nitapiga kengele ya baiskeli mara moja.